Gram Hauzwi kwa Mizani

SWALI: Mwalimu mmoja wa Wete, Pemba, anaandaa somo la uhandisi wa jeni kwa Kiswahili. Anauliza: "Ipi sahihi, sheikh, 'kupandikiza jeni katika bakteria gramu chanya' au 'kupachika'?"

JIBU: Mwalimu, umeuliza kitenzi, nacho nitakifikia. Lakini hilo "gramu chanya" siwezi kulipita nikajifanya sikuliona. Kila nikilikuta najiuliza: gramu ngapi? Gramu ni za muuza iliki pale Darajani. Huyu wa bakteria ni mtu, Hans Christian Gram, tabibu wa Denmark, aliyeitangaza njia yake ya kutia rangi mwaka 1884. Jina lake halina "u". (Bakteria, kwa Kigiriki, ni kijifimbo, hapo sina ugomvi, mradi useme "bakteria hawa", si "bakteria hizi".)

Na "chanya" nayo! Kwenye hesabu na umeme ilikuwa imetulia; sasa kuna fikra chanya, mrejesho chanya, mpaka uhusiano chanya. Ndiyo maana mwanafunzi akisoma "bakteria chanya" hudhani ni wale wema, na "hasi" ni waovu, au wamehasiwa kama beberu. Wapi! Bakteria wa mtindi ni chanya, na Staphylococcus aureus anayekutia jipu ni chanya vilevile. Hasi ni yule wa kipindupindu.

Maneno yote hayo ni ya rangi tu. Wapake bakteria kwenye kioo, wakauke, wapitishe juu ya moto. Zambarau dakika 1, suuza. Ayodini dakika 1, suuza. Spiriti ya asilimia 95 sekunde 10 hadi 15, uache mara tu inayochuruzika isipokuwa na rangi tena. Mwisho safranini nyekundu, nusu dakika hadi dakika nzima. Wenye ukuta mnene hubaki zambarau, hao ndio chanya. Wenye ukuta mwembamba huiachia, wakatoka waridi, hao ndio hasi. Ni hina, Mwalimu: mmoja imemkoza, mwengine harusi haijesha imeshapauka. Ukizidisha spiriti, hata mwenye ukuta mnene atapauka. Ukichukua bakteria waliolala bakulini zaidi ya siku moja, kuta zao zimechakaa, watakudanganya mchana kweupe.

Mimi ningesema "waliokoza" na "wasiokoza". Najua sitashinda, vitabu vimeshachapwa. Basi andika "Gram-chanya", ila hiyo "u" itoke.

Haya, kitenzi. Kupandikiza tuwaachie wakulima wa mpunga: mche hung'olewa kitaluni ukahamia bondeni. Jeni haihami hivyo, na hapa kuna kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuingiza, yaani kuipitisha DNA kwenye ukuta ule ule mnene. Lactococcus, bakteria wa kugandisha maziwa, hukuzwa kwenye glisini, asidi amino ndogo, ili ukuta ulegee, kisha hupigwa shoti ya umeme. Glisini ikizidi, hakui kabisa. Bacillus subtilis hana makuu: akishikwa na njaa huimeza DNA mwenyewe. Ikiingia kama plasmidi, yaani kipete kidogo cha DNA kinachojitegemea, hukaa pembeni na kujinakili, mpangaji tu. Tena mpangaji mwenye masharti: plasmidi yenye chanzo cha kujinakili (mahali kunakili kunapoanzia) cha E. coli, bakteria wa utumbo, peke yake, Bacillus haitambui, nayo hupotea. Ndiyo maana plasmidi za kusafiri kati ya hao wawili hubebeshwa vyanzo viwili. Hiyo usiniambie imepachikwa.

Kupachika ni jeni kuingia ndani ya kromosomu yenyewe, DNA kuu ya bakteria. Kwa Bacillus subtilis mahali panapopendwa ni amyE, jeni ya amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga. Jeni yako unaiweka katikati ya vipande viwili vya amyE, kimoja kila upande. Bakteria hubadilishana navyo pande zote mbili, na amyE yake huvunjika. Ukitaka kuhakikisha, mwoteshe kwenye agari (ile jeli ya kuoteshea bakteria) yenye wanga, kisha mwaga ayodini juu yake, ndugu ya ile ya Gram. Ambaye hakupachikwa atazungukwa na duara jeupe, maana wanga ameumaliza. Aliyepachikwa hana duara: rangi imekoza mpaka ukingoni mwake.

Kwa hiyo "kupachika", ikiwa ni kwenye kromosomu. Na tafadhali mpe mpiga chapa macho mawili: kuna kitini nimekiona kimeandika "kuingiza jini", na wewe uko Pemba.