Tundu la siku sita si tundu la miaka minne

Jumamosi usiende kutoboa ulimi. Ahirisha, potelea mbali hata kama umeshamlipa fundi kishika nafasi.

Nilikuwa nasoma uzi wako vizuri tu mpaka nikafika pale uliposema Jumatatu unaanza kazi mapokezi hotelini, miezi ya majaribio, na kwamba kipini cha ulimi "nitakuwa nakichomoa nikiingia zamu, nikitoka nakirudisha". Nikaweka simu chini. Mdogo wangu, maneno hayo niliyasema mimi, nikiwa na sare ya mapokezi mkononi, bado ina lebo ya fundi cherehani. Humu wanakujibu habari za maumivu, bei na rangi gani isiyoonekana wateja wakija. Mimi nakueleza jinsi nilivyolazwa.

Nilitoboa Jumatano jioni, Sinza, kwa jamaa mmoja ana kiti nyuma ya saluni. Kazi naanza Jumatatu. Nikamuuliza, siku tano zinatosha? Akacheka: "Dada, ulimi unapona haraka kuliko kiungo chochote, Jumatatu utakuwa umesahau." Alichosahau kusema ni kwamba ulimi unavimba kwanza. Na uvimbe haufiki kilele siku ya kwanza, unafika kati ya siku ya tatu na ya tano. Kwa hiyo hesabu mwenyewe: Jumatatu yangu ya kwanza kazini nilikuwa na ulimi wa ng'ombe wa supu mdomoni, na katikati yake chuma kirefu. Urefu ule si ushamba wa fundi, kipini cha mwanzo lazima kiwe kirefu ili uvimbe upate nafasi. Kikiwa kifupi ulimi unakimeza ndani ya nyama.

Sasa ongea na wateja. Rangi unayoiulizia haina kazi yoyote, hata ungeweka cha kioo. Kitakachokuumbua ni "s" na "sh". Mzee wa watu kaingia na begi lake, nikamwamkia "thikamoo". Akanitazama, akatazama saa ya ukutani, saa mbili asubuhi, nadhani akajua nimelewa. Siku nzima neno pekee nililolitamka kama Mungu alivyopanga ni "thelathini". Namba ya chumba ikiwa mia mbili sitini na sita, namwandikia mgeni kwenye karatasi.

Supavaiza akauliza una nini mdomoni. Nikasema pipi. Akasema kesho usije na pipi.

Hapo ndipo nilipofanya lile kosa. Jumanne, siku ya sita tangu nitoboe, saa kumi na mbili asubuhi, nikanawa mikono kwa sabuni kama daktari bingwa, nikakichomoa, nikakifunga kwenye tishu, nikatia kwenye pochi. Nilijiona mjanja. Ulimi ukawa mwepesi, "shikamoo" ikarudi, supavaiza akanipa tabasamu. Zamu ikaisha saa tisa, nikabaki kumshikia mwenzangu, kisha foleni ya magari pale Morocco, Dar, unaijua. Nafika nyumbani saa moja usiku. Kipini kimekaa nje kwa muda wa saa kumi na tatu.

Nikatoa ulimi kwenye kioo. Juu kuna kidoti. Chini hakuna kitu. Pamefunga.

Aliyenifundisha kuchomoa ni dada yangu wa kwa mama mkubwa, anauza simu Kariakoo. Yeye huchomoa asubuhi na kurudisha jioni, nimemwona kwa macho yangu. Ila kipini chake kina miaka minne! Tundu lake limeshaota ngozi ndani, ni kama la sikio. Langu lilikuwa kidonda, na kidonda cha mdomoni kinakimbilia kufunga, ndiyo kazi yake. Na hata yeye nilipombana baadaye akakiri kwamba akipitisha siku mbili lazima akisukume kidogo. Hilo hakulisema wakati ananipa ushauri. Watu wanakupa majibu ya tundu lao, hawaulizi lako lina umri gani.

Nikampigia fundi. Nasikia muziki nyuma. "Sukuma tu kwa nguvu, paka mafuta kidogo, kwani wewe wa kwanza?" Naomba nitulie hapa maana nikimkumbuka napandwa na presha. Huyu ndiye aliyenivalia glovu, akapokea simu nazo, akarudi kunishika ulimi nazo zilezile. Sindano sikuiona ikitolewa kwenye pakiti, na mimi sikuuliza kwa sababu niliona aibu kuonekana mshamba. Akaniuzia na dawa ya kusukutulia yenye spiriti, ile inayowasha mpaka machozi, akasema ikiwasha ujue inafanya kazi. Inafanya kazi ya kuunguza kidonda! Robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji safi ya uvuguvugu ingetosha. Siku nilipomtumia picha kutoka hospitali alinibloku.

Nilisukuma. Damu, machozi, kikaingia nusu, kikagoma, nikasukuma tena kikatokea upande ambao sidhani kama ndiko kulikokuwa na njia.

Alhamisi alfajiri nina homa, mate hayamezeki, chini ya kidevu pamekuwa pagumu kama ubao. Zahanati hawakunigusa, waliniandikia barua ya hospitali. Daktari wa zamu akanibonyeza chini ya taya, akaniambia ninyanyue ulimi, ukagoma. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto: maambukizi yakishuka kwenye sakafu ya mdomo, uvimbe unausukuma ulimi juu na nyuma mpaka unaziba njia ya hewa. Mtu anakosa pumzi akiwa macho. Akasema nimewahi. Siku tatu za dripu ya antibayotiki, na kadi ya bima ya kazini ilikuwa bado haijatoka, kwa hiyo laki sita na ushee zikatoka kwa mama. Mama alinisimamia pembeni ya kitanda, akasema: "Ulimi hauna mfupa, wewe ukauwekea chuma." Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka nesi akamkataza.

Kazi? Ujumbe wa simu, Ijumaa, nikiwa na dripu. "Hatutaweza kuendelea na wewe." Nilijifanya nitawapeleka Tume ya Usuluhishi, ile ya migogoro ya kazi. Jirani yetu anayejua mambo hayo akanifungulia Sheria ya Ajira ya 2004: mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri, ile sehemu ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu. Mimi nilikuwa na siku tano, na mbili kati ya hizo nilikuwa kitandani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na sina nyingine: kabla ya wiki nane kipini kisitoke mdomoni hata dakika moja, isipokuwa fundi mwenyewe anakubadilishia kifupi, na ndiyo maana usitoboe wakati kuna mtu anayeweza kukuamuru ukitoe. Atakayekwambia wiki nne zinatosha, huenda kwake zilitosha, kuna wanaopona mapema. Wewe hujui utakuwa yupi. Na usije na hoja ya kipini cha plastiki kinachopitisha mwanga, kile ni cha tundu lililopona.

Ndiyo, ninacho sasa, msinicheke. Miaka miwili baadaye, kazi nyingine, hoteli nyingine. Nilimwonyesha meneja picha kwanza, akasema: "Nisipokiona na nikikusikia vizuri, sina neno." Nikatoboa siku ya kwanza ya likizo ya mwaka, siku 28, kwa fundi aliyefungua sindano mbele yangu na kukataa kunitoboa palepale penye kovu. Wiki ya tatu nikarudi akaniwekea kifupi. Hilo nalo usiliruke, kile kirefu kinagonga meno na kusukuma ufizi wa mbele chini. Nilirudi kazini nikaamkia wazee wote wa lobi, shikamoo moja moja, safi kabisa.

Mkataba wako unasema majaribio ni miezi mingapi? Andika hapa nikuhesabie tarehe.