Uniti 75, familia nne

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza lipi litangulie: kaya kupunguza matumizi ya nishati, au nchi kujenga vyanzo vipya vya nishati jadidifu? Nawajibu kutoka Uyole, Mbeya, ambako asubuhi za Julai maji ya bomba yanaganza vidole.

Nyumba tunayopanga ina familia nne na LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizoea kuzivuka, huhamishiwa kwenye bei inayokaribia mara tatu yake. Sasa pigeni hesabu. Hita ya kuchovya kwenye ndoo, ya wati 1,500, ikiwashwa nusu saa inakula robo tatu ya uniti. Familia nne, kila siku, mwezi mzima: uniti 90. Hapo taa hazijawaka, simu hazijachajiwa, na mama wa chumba cha mwisho hajagusa pasi yake.

Tukaitwa kikao. Mzee mwenye nyumba, mpole lakini hana mchezo na bili, akapiga marufuku hita. Uniti zikashuka kweli, na ile bei nafuu ikarudi. Ila kila alfajiri majiko manne ya mkaa yanafuka uani, yakichemsha maji yaleyale. Tumepunguza nini hapo? Mkaa hauingii kwenye mita, basi kwa anayesoma mita sisi ni waungwana.

Kwa hiyo mimi nasema tujenge. Wa kuambiwa abane ni mwenye mafriji mawili na taa za geti zinazowaka hadi saa nne asubuhi. Sisi wengine umeme tunaotumia bado ni kidogo mno.

Lakini tujenge wapi? Maji ya mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka bonde la Usangu, hupita mashamba ya mpunga na kinamasi cha Ihefu, kisha mto Ruaha Mkuu huyafikisha kwenye mitambo ya umeme wa maji ya Mtera (megawati 80), Kidatu (megawati 204), na hatimaye mto Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Hata mtambo wa Kihansi, wenye megawati 180, maji yake huishia mto Kilombero, nao Kilombero huishia Rufiji. Mitambo minne, bonde moja. Mvua ikisusa, inasusa kwa wote, na mkulima wa Usangu naye ana shamba la kunywesha.

Ningeanza na joto la ardhini la Ngozi, huko Rungwe, maana halingoji masika. Kuchoronga ni ghali na kisima kinaweza kutoka kapa, sibishi. Upepo wa Makambako nao hauulizi kina cha bwawa.

Kwa sasa, saa kumi na moja alfajiri mtanikuta uani napepea jiko. Leo zamu ya kwanza ya bafu ni ya chumba namba mbili, na maji yao bado hayajachemka.

Msomaji wenu, Uyole