Kalazwa kwa kifua, sasa anaharisha: majibu ya maswali yenu

Mwanangu kalazwa kwa nimonia, siku ya nne kaanza kutapika na kuharisha maji matupu. Kaupatia wodini?

Kuna uwezekano mkubwa sana. Kirusi cha rota kikishaingia mwilini kinachukua kama siku 2 ndo mtoto anaanza kuharisha, noro, kirusi kingine cha kuharisha na kutapika, saa 12 mpaka 48, kwa hiyo madaktari wengi wanahesabu hivi, kama kuharisha kumeanza baada ya saa 48 za kulazwa basi kaupata hapohapo. Ila usimvae nesi kwanza, soma swali linalofuata.

Sanitaiza tunapaka kutwa nzima, kirusi kimepita wapi?

Mikononi mwenu humohumo. Sanitaiza ya spiriti haikiwezi vizuri noro, kinachokitoa ni sabuni na maji yanayotiririka, na kusugua mpaka katikati ya vidole. Wodini mambo yanaendaga hivi: mama anabadili nepi, anaifunga, anashika reli ya kitanda, mdoli wa mtoto wa jirani unadondoka anamwokotea kwa roho safi kabisa, na mtoto huyo anautia mdomoni. Imeisha hiyo! Chembe hata 100 hazifiki zinamtosha kuugua wakati kinyesi cha mgonjwa kina mabilioni, na kwenye reli kirusi kinaweza kukaa siku kadhaa, ndo maana zinafutwa kwa klorini. Nesi akikugusia mtoto bila kunawa mwambie tu, wala si utovu wa adabu.

Jana kaacha kuharisha, acheze na wenzake?

Bado, subiri saa 48 zipite. Na hata hapo kirusi kinaendelea kutoka na kinyesi chake siku nyingi tu, wakati mwingine wiki, so kunawa kuko palepale.

Mbona hapewi antibayotiki?

Haziui virusi. Anahitaji ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji), zinki siku 10 hadi 14, na ziwa kama bado ananyonya, usimkatishe. Akitapika subiri dakika 10 umpe tena, kijiko kimoja kimoja, polepole, hapa wazazi wengi wanakata tamaa mapema wakati matone yanayobaki tumboni ndo yanamsaidia. Ukiona macho yamezama, utosi umebonyea, analia bila machozi, nepi kavu masaa, au kalegea hataki hata kunywa, ita nesi sasa hivi usingoje raundi ya daktari.

Chanjo ya rota si alipata?

Inapunguza hasa kuharisha kule kukali kunakompeleka mtoto kwenye dripu, haimzuii kuugua kabisa. Na noro haikihusu hata kidogo.