Serikali hulipia mtihani, mbona shule inatudai za karatasi?

SWALI: Mwanangu yuko Gredi ya 8 hapa kisiwani Pate. Shule inataka shilingi 300 kwa kila mtoto "za karatasi za tathmini", ilhali tunaambiwa mitihani hulipiwa na serikali. Tena kuna bwana katoka Mombasa anauza vijitabu vya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, asema maswali yaliyomo ndiyo yatakayokuja. Enzi za KCPE, ule mtihani wa zamani wa Darasa la 8, hatukuyaona haya. Tulipe? Tununue? — Mzazi, Pate

JIBU: Ndugu mzazi, vijitabu msinunue hata kimoja. Nitafika huko.

Kuhusu hizo 300, kuna dhana inayonichosha kila msimu wa tathmini tangu KCPE ifanywe kwa mara ya mwisho 2023: kwamba gharama ya mtihani ni ile ada ya mtihani. Ada kweli hulipwa na serikali, na hata hiyo si ya kutegemea kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 2025 makadirio ya bajeti yalifika Bungeni bila fungu la mitihani, hadi wabunge walipolirudisha. Lakini ada inahusu siku za mtihani wenyewe tu. KCPE ilikuwa siku tatu baada ya miaka minane, na karatasi zililetwa zimeshachapishwa. Kanuni za sasa zimeutawanya mtihani: KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, ina asilimia 20 ya alama za mwisho, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60.

Hizo tathmini za shuleni, KNEC, baraza la mitihani la taifa, huziweka mtandaoni. Shule huzipakua, huzichapisha, mwalimu husahihisha, kisha huingiza alama za kila mtoto kwenye mtandao huohuo. Tuseme darasa lina watoto 40, masomo ni 9, na kila somo lina kurasa 4. Hizo ni kurasa 1,440. Kwa shilingi 5 kila ukurasa, ni 7,200, yaani 180 kwa mtoto. Shule ya Malindi mjini hutuma mtu dukani akarudi kabla ya kengele. Ninyi, mashine ikiharibika, ni nauli ya boti hadi mjini Amu na kungojea maji yajae katika mlango wa bahari wa Mkanda. Mgao wa serikali kwa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9), shilingi 15,000 kwa mtoto kwa mwaka, ukichelewa, mwalimu mkuu huwageukia wazazi. Aliyebadilisha kanuni hakuiandika gharama hii popote, basi imeteremka ngazi kwa ngazi mpaka ikakufikia wewe.

Kwa hiyo 300 si wizi wa wazi, lakini haijawa halali kwa kuwa tu ina sababu. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza karo katika shule ya umma. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lazima yatolewe risiti, na mtoto hafukuzwi kwa kukosa kulipa. Mwombeni mwalimu mkuu awaonyeshe idhini hiyo na hesabu ya kurasa. Aulizwe kwa heshima. Mara nyingi yeye mwenyewe ameshatoa mfukoni mwake.

Sasa huyo bwana wa vijitabu. Ama maswali yake ni ya kubuni, na anawaibia. Ama ni ya kweli, na sheria ya KNEC ya 2012 inampa hadi miaka 10 gerezani, na mtakaokamatwa nayo hamtasalimika. Watu hawa huibuka kila kanuni inapobadilika, kwa kuwa wakati huo mzazi hana wa kumuuliza. Huwauzia watu hofu yao wenyewe. Na mtoto wa Gredi ya 8 atafaidi nini na maswali ya kubahatisha, wakati alama zinazohesabiwa mwaka huu ni za kazi anayoifanya darasani kwake? Kumkaririsha majibu usiku kucha ni kumnyang'anya usingizi anaouhitaji kwa kazi hiyo.

Wengi hunijibu: basi turudishiwe KCPE. Hapo ndipo ninapowasihi watu wafikiri. Kati ya 2021 na 2022 serikali ilijenga maelfu ya madarasa ya CBC, mtaala mpya, katika shule za sekondari, kwa kuwa mpango ulikuwa Gredi ya 7 iende huko. Desemba 2022 uamuzi ukabadilika, watoto wakabaki shule za msingi, ambako hakukuwa na maabara wala walimu wa kutosha. Madarasa yalishalipiwa. Kanuni moja ilibadilishwa katikati ya safari, na watoto wengi wa kundi la kwanza wakasoma sayansi miaka mitatu bila maabara kabla ya kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026.

Uchaguzi ni 2027, na wagombea watakuja Faza na Kizingitini kuahidi kufuta mtihani huu au kurudisha ule. Kabla hamjampigia mtu makofi, mtakeni ataje fungu la bajeti litakalochapisha karatasi, litakalomfunza mwalimu upya, na litakalotia mafuta boti ya mitihani.