Usiende Shimba na ndala

Sisi watu wa Mombasa tukisema tutoke tukapunge upepo, miguu hutupeleka pwani yenyewe. Pirates, Nyali, Diani, mihogo ya kukaanga na dafu, jioni tunarudi na mchanga masikioni. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kuna nini kwenye vilima vya upande wa Kwale, mpaka wifi yangu alipokuja kutoka Nakuru. Siku ya tatu bahari ilimchosha, akauliza, "Na kule juu, wifi, kuna nini?" Nikaona aibu kumwambia sijui.

Tangu hapo nimeshakwenda Shimba Hills, hifadhi ya wanyama iliyoko huko juu, mara nne. Mbili za mwanzo niliziharibu mwenyewe, kwa hiyo ushauri wangu nimeulipia.

Hifadhi yenyewe iko kilomita thelathini na kitu kutoka mjini, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Mara ya kwanza tulikwenda kama tunakwenda sokoni. Tulivuka feri, tukapanda matatu ya Kwale pale Likoni, na ilipofika Kombani ikaiacha barabara ya Lungalunga na kuanza kupanda. Masikio yakaziba, minazi ikapungua, upepo ukawa na ubaridi ambao mjini huupati hata usiku wa kusi. Raha tupu. Tulipofika langoni kwa bodaboda, askari akatutazama miguu, kisha akatazama nyuma yetu. "Gari lenu liko wapi, mama?" Nikamwambia tutatembea. Akacheka kwa adabu. "Humu mna ndovu."

Ndiyo hivyo. Ndani ya hifadhi huingii ukazurura kwa miguu peke yako, na matatu haikupeleki huko. Siku hiyo tuliishia mjini Kwale tukila viazi karai. Kama huna gari, jikusanyeni watu wa kutosha mkodi moja, na liwe na tumbo la juu, maana njia za ndani ni za udongo na mvua ikinyesha zinakuwa na makorongo. Mwenye gari anayetoka Changamwe au Miritini hana haja tena ya kupanga foleni ya feri, barabara ya Dongo Kundu inamtoa ng'ambo ya kusini moja kwa moja.

Malipo ni ya mtandaoni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Lipia usiku ukiwa nyumbani. Mimi nililipia langoni, mtandao unakuja na kuondoka, watoto wanalia ndani ya gari, na jua linapanda. Na kitambulisho usikisahau, la sivyo utawaelezaje kwamba wewe ni mwananchi?

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Tulinunua katoni nzima ya maji ya chupa pale Likoni, nikajiona mama mwenye mipango. Langoni zikabaki zote. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya, na chupa za maji ni miongoni mwake. Sheria ni nzuri, sina neno nayo, ila niliikumbuka nikiwa nimeshachelewa. Tukaingia watu saba na chupa moja ya stili ya maji ya mtoto, pamoja na thamosi ya chai ya tangawizi.

Tungekaa garini tungesalimika. Lakini tulikuwa tumekuja kuona maporomoko ya Sheldrick, na kule hakufikiki kwa gari. Safari inaanzia mahali panapoitwa Elephant Lookout, unapewa askari mwenye bunduki, kisha ni mguu kwa mguu, kilomita 2 hivi. Kwenda ni kuteremka. Unaanza kwenye nyasi, baadaye msitu unakufunika, jua linabaki vipande vipande ardhini. Askari wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Mahali fulani aliinua mkono, sote tukaganda. Alikuwa anatazama mavi ya ndovu njiani, bado mabichi. Akayagusa kwa ncha ya kiatu, akasikiliza kidogo, akatuambia twendeni. Wifi alinishika mkono mpaka chini hakuniachia.

(Ndovu, si tembo. Tembo kwetu ni kitu cha mnazi, na hicho nacho langoni usikipeleke.)

Maji yanaanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 20, na chini yake pana kidimbwi. Baridi yake inakata pumzi. Watoto waliingia na nguo zao, mavyaa wangu akakaa juu ya jiwe miguu ndani ya maji, akanyamaza kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Tulikaa pale karibu saa nzima. Nilisahau kabisa kwamba ile njia tuliyoteremka itabidi tuipande.

Mteremko ule ni mjanja. Ukiuteremka hauonekani kitu, ukiugeuzia uso unakuwa ukuta. Joto la saa saba, unyevu wa msitu, na maji yetu yamebaki robo. Nikawa nagawa kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kimoja, watoto kwanza. Mavyaa alipumzika mara nne. Mara ya nne alivua kiatu, akakitazama, akasema, "Mwanangu, ulinambia tunakwenda kutembea, hukunambia tunakwenda vitani." Chai ya tangawizi tuliinywa ikiwa moto, jua la utosi, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Kwa hiyo: maji lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, kwenye chupa za stili au mtungi wa kutumika tena. Ondoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri ili kupanda kukukute kabla ya adhuhuri. Vaa raba. Mimi nilivaa ndala, na pale penye utelezi nilikuwa natembea kwa dua. Dera pia halifai, linanasa miiba na halikuonyeshi unapokanyaga siafu. Vaa suruali chini, leso ifunge kiunoni, utaihitaji ya kukalia, ya kujifutia, na hata ya kuswalia. Mgonjwa wa magoti abaki juu, penyewe pana mandhari ya kutosha, na pale Giriama Point unaiona bahari yote imelala chini yako.

Wanyama? Usiende ukitarajia Maasai Mara, utarudi umenuna. Msitu ni mzito, na ndovu anaweza kuwa hatua chache nawe usimwone. Mnyama wa kumtafuta ni palahala, swala mkubwa. Dume ni mweusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma kama jambia, na Kenya nzima huyu anapatikana Shimba tu. Tulimwona mara ya nne, kwenye nyasi, saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado haujainuka. Mara mbili za nyuma tulizoingia ndani tulifika saa nne, na kila mara tuliambiwa "walikuwa hapa sasa hivi".

Epuka miezi ya masika, njia ya maporomoko inakuwa sabuni. Januari na Februari ni pakavu. Na kama utarudi kwa feri, usichague Jumapili, maana jioni utakutana na gari zote zinazotoka Diani, na raha yote ya siku utaiacha kwenye foleni. Sisi sasa tunakwenda Jumamosi. Chakula tunabeba mahamri na mbaazi kwenye hotipoti, kachori kidogo na maembe, na tunakula na jicho moja likiwa juu ya miti, kwani nyani wa kule hawabishi hodi.

Wifi amesharudi Nakuru, anauliza tena lini. Mimi kila nikitoka kule, kesho yake nashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, nimeshika ukuta kama kaa, na majirani wananiuliza nimefanya nini.