Watoto Watatu, London na Paris: Visa, Kadi za Utalii na Kigari cha Mtoto

SWALI: Assalaam alaikum. Sisi ni familia ya watu watano, watoto wana miaka 12, 7 na 3. Likizo ya mwezi wa sita tunataka kwenda London kwa wifi yangu. Baba yao anasema maadamu tutakuwa tumeshafika Ulaya, tuunganishe na Paris, Amsterdam na Roma, jumla siku 12. Nina maswali matatu. Visa moja inatosha kote? Zile kadi za utalii unazolipa mara moja ukaingia sehemu nyingi, zina nafuu kwa familia? Na kigari cha mtoto tukibebe au tukiache? – Mama wa Watatu, Tanga

JIBU: Wa alaikum salaam, dada. Kazi yangu ni kupanga safari za familia, na nyingine huwa naongozana nazo mwenyewe, kwa hiyo maswali yako nayajua kwa miguu. Nianze na visa, maana ndiyo yenye tarehe.

Visa moja haitoshi. Uingereza ina yake. Ufaransa, Uholanzi na Italia zimo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa ya pamoja, na visa ya Schengen ni moja kwa nchi zote hizo. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Ya Uingereza hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla. Pasipoti kwa kawaida hubaki kwao wakati maombi yanashughulikiwa, kwa hiyo usitegemee kuyaendesha yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa safari ya mwezi wa sita, Januari uwe tayari na makaratasi mkononi.

Ada ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Huyo wako wa miaka 12 anahesabiwa mkubwa: analipa ada kamili na anatoa alama za vidole, wadogo zake hawatoi. Kwenu inakuja euro 315, mbali na ada ya kituo cha kupokea maombi. Uingereza hakuna bei ya mtoto, yule wa miaka 3 analipiwa sawa na baba yake. Bima ya safari kwa Schengen isipungue euro 30,000 na jina la kila mtoto lionekane ndani yake. Vyeti vya kuzaliwa vyote vitatu viwemo, na kama mzazi mmoja atabaki nyumbani, andaeni barua yake ya ridhaa.

Sasa kuna jambo hukuniuliza, na ndilo litakaloamua kama safari itakuwa ya furaha. Punguzeni miji. Kuhama mji kunakula siku nzima: kufunga mabegi, kutoka hotelini, kituoni, ukaguzi wa pasipoti, kisha kukaa na mizigo mapokezini kwa sababu chumba hakitolewi mpaka alasiri. Miji minne ni siku tatu za kuhama. Ongeza ya kufika na ya kuondoka, zimebaki saba za kutembea, na mtoto wa miaka 3 ameshachoka tangu ya tano. Mwambie baba watoto kwa niaba yangu: London siku sita, Paris siku sita, Roma ingojee huyo mdogo afikishe miaka minane. Na tiketi ya ndege nunueni ya kuingilia London na kutokea Paris, msirudi nyuma bure. Katikati mnapanda treni ya Eurostar, kituo cha St Pancras cha London hadi Gare du Nord ya Paris kwa saa mbili na dakika kama 20, ikipita chini ya bahari. Aliye chini ya miaka 4 anapakatwa bila tiketi. Ukaguzi wa kuingia Ufaransa unafanyika hapo hapo St Pancras kabla ya kupanda, na tangu Oktoba 2025 Schengen imeanza kusajili sura na alama za vidole vya wageni mpakani, hivyo fikeni mapema mkiwa mmeshakula.

Kadi za utalii. Kwa watoto, usinunue hata moja. London, makumbusho za Natural History Museum, Science Museum na British Museum hazina kiingilio kwa mtu yeyote. Unaweka tu nafasi mtandaoni ili kukwepa foleni, bila malipo. Paris, makumbusho za Louvre na Musée d'Orsay ni bure kwa kila aliye chini ya miaka 18, awe ametoka nchi yoyote. Ila Louvre bado utawawekea saa ya kuingia kama unavyojiwekea wewe, na pasipoti zao ziwe mkobani kuthibitisha umri. Ninyi wazazi wawili pigeni hesabu ya sehemu mtakazoingia kweli. Familia yenye mtoto mdogo huingia sehemu moja ya kulipia kwa siku, mara chache mbili, na kwa mwendo huo kadi hairudishi fedha yake. Wauzaji wanahesabu kwa mwendo wa mtu mzima aliye peke yake.

Nafuu yenyewe iko kwenye usafiri. London mtoto aliye chini ya miaka 11 husafiri bure, iwe kwenye basi au kwenye treni ya chini ya ardhi, mradi yuko na mtu mzima anayelipa, na mtu mzima mmoja anaruhusiwa watoto hadi wanne. Wa miaka 12 mnunulieni kadi ya nauli ya London iitwayo Oyster, kisha mwombeni mhudumu kituoni aiwekee punguzo la mgeni kijana, linaitwa Young Visitor: nusu nauli hadi siku 14. Wazazi gusisheni kadi zenu za benki kwenye mashine ya nauli, kila mtu na yake. Kadi moja haipitishi watu wawili. Kwenye mabasi ya London fedha taslimu hazipokelewi tangu 2014. Paris chini ya miaka 4 ni bure, 4 hadi 9 nusu, kwa hiyo mkubwa wenu analipa kamili.

Kigari bebeni, lakini kiwe chepesi, cha kukunja kwa mkono mmoja, na ndani ya begi kuwe na kanga ya mbeleko. Nitakuonyesha kwa nini. Metro, yaani treni ya chini ya ardhi ya Paris, ilifunguliwa 1900, na isipokuwa njia namba 14, ambayo vituo vyake vyote vina lifti, vingi vilivyobaki ni ngazi tupu. Unashuka ngazi 30, unakata kona, unapanda 15, unakuta tena 20 za kushuka, na nyuma yako watu wanaharakisha kwenda kazini. Mama mmoja niliyekuwa naye alikunja kigari, akampa mwanawe mkubwa akibebe begani, akamfunga mdogo mgongoni kwa kanga, akazimaliza ngazi zile kabla ya watalii waliokuwa wamebeba kigari watu wawili huku na huku. Tangu siku ile kanga imo kwenye orodha yangu. Kwa safari zisizo za haraka pandeni basi: kigari kinaingia wazi na watoto wanaona mji. London, treni za DLR na Elizabeth line zina njia isiyo ya ngazi kila kituo, na kutoka uwanja wa Heathrow hiyo Elizabeth line ndiyo yenu, mabegi na kigari vitaenda bila kunyanyuliwa.

Kuhusu siku zenyewe, kanuni yangu ni kitu kimoja kikubwa asubuhi, uwanja wa kukimbia alasiri, basi. Siku moja ya London itengeni kwa Greenwich, mtaa wa kando ya mto Thames. Pandeni DLR, treni isiyo na dereva kwenye chumba cha mbele, na muwawahishie watoto viti vya kwanza kabisa. Yule wa miaka 7 atajiona anaendesha mpaka Greenwich. Pandeni kilima cha bustani, ambayo haina kiingilio, mfike kwenye Royal Observatory, kituo cha zamani cha kutazama nyota, kabla ya saa saba mchana. Juu ya paa kuna mpira mwekundu kwenye mlingoti. Dakika tano kabla ya saa saba unapanda hadi nusu, dakika mbili kabla unafika juu, na saa saba kamili unashuka. Umekuwa ukifanya hivyo tangu 1833, ili mabaharia waliokuwa mto Thames warekebishe saa zao. Pembeni ya geti kuna saa ya ukutani yenye namba 24, na ikionyesha saa sita mchana mshale wake wa saa unatazama chini kabisa. Haifuati saa za kiangazi, kwa hiyo Juni itakuwa nyuma kwa saa moja ukilinganisha na simu zenu. Muulizeni mkubwa kwa nini, halafu mpigieni bibi yao Tanga. Mpira ukishuka saa saba, kwake ni saa tisa alasiri. Nimewahi kumwona mtoto akielewa habari ya saa na dunia kuzunguka pale pale, simu ikiwa sikioni, kuliko alivyoelewa darasani mwaka mzima.

Paris, msiwapeleke kwa Mona Lisa kwanza. Picha yenyewe ni sentimita 77 kwa 53, na mtoto mfupi ataona migongo ya watu. Shukeni chini ya Louvre mkaone misingi ya ngome ya zamani, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 12. Watoto wanatembea ndani ya handaki lenyewe na kuta za mawe zikiwa pembeni yao. Mbele kidogo kuna Sfinksi wa Tanis kutoka Misri, sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu. Saa moja na nusu inatosha, tokeni kabla hawajaanza kulia. Jumanne Louvre inafungwa, na d'Orsay ni Jumatatu.

Siku nyingine ni ya Jardin des Plantes, bustani ya mimea ya Paris. Humo kuna jumba la makumbusho, Grande Galerie de l'Évolution, na ndani yake msafara wa wanyama wa Afrika waliokaushwa, tembo, twiga na pundamilia wakiwa wamepangwa wakitembea kuelekea upande mmoja. Wanenu watawataja wote kwa majina yao ya nyumbani mbele ya watoto wa Kifaransa, na hilo lina raha yake. Wasimulieni habari ya twiga aliyetoka Sudan, akapelekwa zawadi na mtawala wa Misri kwa mfalme wa Ufaransa, akashushwa Marseille na mwaka 1827 akatembea kwa miguu mpaka Paris, akaishi kwenye bustani hiyo hiyo. Mkitoka, vukeni barabara: Msikiti Mkuu wa Paris uko ng'ambo, ulifunguliwa 1926, una ua wenye vigae na chemchemi. Mtaswali adhuhuri, kisha ubavuni mwake kuna mgahawa wa chai ya nanaa na vitamu vya Kiarabu. Chakula halali hakitawasumbua mji wowote kati ya hii miwili. Pipi laini ndizo za kuangalia, nyingi zina jelatini ya nguruwe.

Mnara wa Eiffel: baba na wakubwa wapande ngazi 674 hadi ghorofa ya pili, wewe na mdogo mkae chini kwenye majani. Mkitaka lifti wote, tiketi zinafunguliwa mtandaoni siku 60 kabla, nunua mapema. Taa za kumeta usiku msiziahidi. Mwezi wa sita jua la Paris linazama karibu saa nne usiku, na la London baada ya saa tatu. Hili ndilo linalovuruga familia nyingi kuliko ngazi zote: mtoto anaona mwanga, anakataa kulala, kesho yake anaanguka usingizi saa tano asubuhi mlangoni pa makumbusho. Chukua kitambaa cheusi cha kufunika dirisha, na mlaze kwa saa, usimsubirishe magharibi.

Vyoo. Paris kuna vibanda vya kijivu barabarani, bure tangu 2006, na vinajiosha vyenyewe kila mtu akitoka. Msiingie mlango ukiwa bado wazi baada ya aliyetangulia. Ngojeni ufunge, uoshe, ndipo mbonyeze. Maji ya kujisafishia ndani hakuna, hivyo chupa ya nusu lita isikauke mkobani. Mtaijaza kwenye mabomba ya umma, maji yake ni ya kunywa, na mengine hutoa maji yenye gesi, watoto watataka kurudi hapo kila siku.

Kupotezana kwenye treni wafundisheni kabla ya kupanda: aliyebaki ndani ashuke kituo kinachofuata na asimame pale pale, aliyebaki nje asiondoke, mzazi mmoja afuate kwa treni inayokuja. Niliwahi kuona mlango ukifunga kati ya mama na mtoto wa miaka 8 Paris. Alikuwa ameambiwa asubuhi ile ile. Tulimkuta ameegemea ukuta wa kituo kilichofuata, karatasi ya namba ya simu ya mama yake mkononi. Namba ya dharura ni 112 kote.

Kabla hamjalipia chochote, Jumamosi moja tokeni nyumbani wote watano, kigari na kanga, mtembee kutoka Ngamiani mpaka Raskazone. Andika ni dakika ngapi zimepita kabla yule wa 7 hajauliza tumefika, na ni wapi mdogo amekaa chini. Niletee majibu hayo mawili, nami nitakupangia siku 12 kwa kuyafuata.