Kwa mwalimu mpya wa sayansi madarasa ya chini: toka nao nje kwanza

Walimu wenzangu mlioripoti juzi, hasa mliopangiwa huku Moshi mkapewa sayansi ya wadogo, niwaambie kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza muhula mzima naandika ubaoni "hali ya hewa ni..." watoto wananakili, wanaitikia kwa pamoja vizuri kabisa, kesho ukiuliza kwa maneno mengine darasa zima kimya.

Siku hizi naanza nje, dakika tano tu. Mlima umefunguka au umejifunika? Upepo unatokea wapi, tazameni bendera. Wanatabiri kama mvua itanyesha, mmoja anaandika kwenye manila, kesho yake tunaangalia. Usiwape jibu mapema jamani.

Kipimamvua usisubiri cha kununuliwa. Tafuta chupa kubwa ya maji iliyonyooka ubavuni, kata sehemu ya juu, kigeuze hicho kichwa kiwe faneli, tia kokoto chini upepo usiiangushe, mimina maji yapite kokoto kidogo, hapo ndo sifuri yako, unabandika rula basi. Ila iwe mbali na jengo na miti! Ya kwanza niliiweka karibu na darasa, usiku masika ikapiga, asubuhi chupa inafurika na watoto wanashangilia. Nikawauliza tu, haya maji yote yametoka mawinguni? Wakatulia, halafu binti mmoja akanyoosha kidole kwenye ukingo wa bati. Wakaihamisha wenyewe katikati ya uwanja.

Darasa la nne wanaweza hesabu kidogo. Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ni mita 5,895, sisi mjini tuko kama 800 na kitu, na ukipanda kila mita 1,000 joto hupungua takriban nyuzi 6. Basi wapigie mita 5,000, ni nyuzi 30 zimepungua. Kama hapa ni 25, kule? Kuna mtoto alitoa toa mpaka akafika sifuri akasema "mwalimu, joto limeisha na bado sijafika." Nilifurahi sana, maana hapo ndo theluji ilipo na yeye kaifikia kwa kalamu yake.

Kwa viumbe hai, maharage kwenye glasi ya kuonekana yanatosha. Waagize waje nayo ya kula kutoka nyumbani, mbegu ya dukani yenye rangi ina dawa na hawa wadogo kila kitu mdomoni. Loweka usiku mmoja, weka kati ya pamba na glasi. Mzizi ukitoka laza glasi, baada ya siku chache mzizi umepinda tena kuelekea chini, utasikia "umejuaje chini ni wapi?" Waache wabishane hata siku mbili kabla hujataja mvutano wa dunia.

Pamba iwe na unyevunyevu tu, ukijaza maji mbegu inakosa hewa inaoza. Ikioza usiitupe, iweke pembeni ya iliyoota watoto waseme wenyewe wanaona tofauti gani.